Ulinganisho: Kati ya wanafunzi wa zamani wa Gresham's, ni nani ambaye shule inaweza kusema kwa haki kwamba ilimlea?

Mwanamaktaba (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba tuwapime wanafunzi wa zamani wa shule moja ya Uingereza. Shule yenyewe ni Gresham's, shule ya kulipia iliyoko Holt, mji mdogo wa Norfolk, ambayo Sir John Gresham aliianzisha mwaka 1555 na ikawekwa chini ya udhamini wa Chama cha Wauza Samaki cha London. Kwa karne nyingi haikuvuma, mpaka George Howson alipokuwa mwalimu mkuu mwaka 1900, akapunguza nafasi ya Kilatini na Kigiriki na kutia nguvu sayansi na lugha za kisasa. Tangu hapo wamepita pale mshairi W. H. Auden, mtunzi wa muziki Benjamin Britten, mwanasayansi Alan Hodgkin, mvumbuzi James Dyson, mwigizaji Olivia Colman, na hata Donald Maclean, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje aliyeupelelezea Umoja wa Kisovieti na kutorokea huko mwaka 1951.

Siulizi nani ni mashuhuri zaidi, kwa sababu umashuhuri hauthibitishi kwamba shule ilifanya lolote. Nauliza nani kati yao asingekuwa huyu tunayemjua lau asingalisoma pale. Mimi nampendekeza Auden, aliyesoma hapo kuanzia 1920 hadi 1925. Alikuwa amekusudia kuwa mhandisi wa migodi, lakini mwezi Machi 1922 mwanafunzi mwenzake, Robert Medley, alimwuliza kama huandika mashairi, na tangu siku hiyo akaijua kazi yake.

Binti wa Rasi

Mleta mada, Medley alikuwa mvulana kama Auden. Swali lile lingeweza kuulizwa katika shule yoyote yenye vijana wawili wanaopenda kuzungumza, kwa hiyo siwezi kuihesabia shule sifa hiyo.

Kilichokuwa cha Gresham's hasa ni utaratibu wa kiapo cha heshima aliouweka Howson. Kila mwanafunzi aliahidi kutotukana, kutovuta sigara na kutofanya jambo la aibu, kisha akaahidi kujiripoti mwenyewe akikosea na kumripoti mwenzake asipokubali kujirekebisha. Auden aliandika mwaka 1934 kwamba sababu yake kubwa ya kuupinga ufashisti ni kuwa shuleni aliishi ndani ya dola la kifashisti. Naichukulia kauli hiyo kwa uzito wote, maana kijana aliyezoezwa kumchunguza rafiki yake hujifunza hofu kabla hajajifunza uadilifu.

Tazameni pia walivyotofautiana kuhusu mwalimu mmoja wa muziki, Walter Greatorex. Auden alimsifu sana kama mwanamuziki na kama mtu mzima aliyemtendea kwa urafiki. Britten, aliyefika mwaka 1928 akiwa tayari mwanafunzi wa faragha wa mtunzi Frank Bridge, hakumheshimu mwalimu huyo hata kidogo, na aliondoka mwaka 1930 bila kuipenda shule. Hata wimbo wake wa kwaya kwa Bikira Maria, unaoimbwa makanisani mpaka leo, aliutunga mwaka huo akiwa amelazwa katika zahanati ya shule, mbali na darasa.

Fundi Mchundo

Nampendekeza Dyson, na sababu yangu ni ya kibinadamu zaidi. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki pale pale Gresham's, akafariki kwa saratani mwaka 1956, na shule ikamwacha mtoto aendelee na masomo ingawa familia haikuwa na uwezo wa kulipa ada yote. Bila uamuzi huo utoto wake ungefuata njia nyingine kabisa. Mtu huyu baadaye alitengeneza mifano 5,127 ya mashine ya kufyonza vumbi kabla ya kuridhika nayo, na mwaka 2019 aliipa shule pauni milioni 18.75 za kujenga jengo la sayansi na sanaa. Mwenyewe anaonekana kuamini kwamba ana deni.

Mkaa Bandarini

Mbona hakuna aliyemtaja John Reith, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa BBC? Sisi wasikilizaji wa redio tunaguswa na kazi yake kuliko ya mshairi.

Binti wa Rasi

Reith alifika Gresham's baada ya kusoma Glasgow, na ukali wake wa maadili una asili katika nyumba ya baba yake, mchungaji wa kanisa la Uskoti. Tena aliiacha BBC mwaka 1938, ilhali idhaa ya Kiswahili ilianza mwaka 1957.

Mpenda Ndege

Nimesoma hoja zote na ninaona tumewaruka wale wanaokidhi kipimo cha mleta mada kuliko wengine, yaani wachunguzi wa viumbe. G. Evelyn Hutchinson alichapisha akiwa mwanafunzi, mwaka 1918, na umri wa miaka 15, taarifa ya kisayansi kuhusu panzi anayeogelea; baadaye alifundisha Yale na kuwa mmoja wa waasisi wa ikolojia ya kisasa. David Lack alishinda tuzo kwa insha kuhusu ndege wa Kelling Heath, nyika iliyo karibu na shule, na mwaka 1947 akachapisha utafiti wake mkubwa kuhusu ndege wadogo wa visiwa vya Galápagos. Hodgkin naye alikuwa kijana wa kutazama ndege kabla ya kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1963, pamoja na Andrew Huxley na John Eccles, kwa kueleza jinsi ishara ya umeme inavyosafiri katika neva.

Hao si watu watatu waliokutana kwa bahati. Howson mwenyewe alikuwa mtu wa sayansi, na mabwawa, nyika na pwani ya Norfolk vilianzia nje ya lango. Hata Auden aliingia Oxford kwa ufadhili wa masomo ya biolojia kabla ya kugeukia Kiingereza.

Mwanamaktaba

Mpenda Ndege, hoja yako imenishinda kwa upande wa Auden. Ila kati ya watatu wako ningemtanguliza Lack. Hutchinson alizaliwa Cambridge, mtoto wa mtaalamu wa madini, na sayansi aliikuta nyumbani. Hodgkin aligundua makuu yake katika maabara ya Plymouth, kwenye neva za ngisi. Lack peke yake ndiye aliyeendelea maisha yake yote na kazi ile ile aliyopewa tuzo shuleni, ya kukaa nje kwa saa nyingi na kuandika ndege anafanya nini.