Tupeane uzoefu: simbilisi, utitiri na chakula tunachowapa

#1 (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaofuga simbilisi (guinea pig) ndani kama wenzetu wanavyofuga paka. Wapo wanaowaita pimbi, ila pimbi mwenyewe ni mnyama mwingine wa kwenye majabali, tumwache huko huko. Nataka tusimuliane kuhusu utitiri, na chakula kinavyoingia humo.

Naanza na yangu. Ninao majike wawili. Mmoja alianza kujikuna, nikasema kila mnyama hujikuna. Wiki ya pili manyoya ya mgongoni yakaanza kunyonyoka, na ngozi chini yake imeota magaga ya njano. Nikapekua kutafuta viroboto, sikuona hata mmoja, nikajipa moyo. Kumbe utitiri wa upele wa simbilisi hauonekani kwa macho. Unachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo humo, kwa hiyo ukitafuta mdudu anayetembea utatafuta mpaka kesho.

Siku moja nilimgusa tu mgongoni, akaanguka ubavu, anatetemeka na kurusha miguu. Nikajua ni kifafa. Daktari wa mifugo akasema huo ni muwasho, unaweza kuwa mkali hadi mnyama apate degedege kwa kuguswa tu. Akamkwangua ngozi kidogo, akatazama kwenye hadubini, wadudu hao hapo. Akampima uzito kwanza, ndipo akamchoma sindano ya ivermektini. Akaniambia nirudi baada ya siku kumi, na nije na mwenzake hata kama hajikuni.

Sikurudi. Nilimwona amechangamka, nikaona ya nini kujisumbua. Wiki tatu baadaye tulikuwa mlangoni kwa daktari, safari hii wote wawili wanajikuna. Dawa inaua wadudu walio hai lakini mayai inayaacha, yakianguliwa mambo yanaanza upya. Haya, tiririkeni.

#2
Pole mkuu. Wewe uliruka dozi, mimi niliruka daktari kabisa. Nilikuwa na matone ya viroboto ya mbwa wangu, nikasema mdudu ni mdudu, nikampaka simbilisi kwa kukadiria. Jioni anadondosha mate, chakula hataki. Nilikesha naye. Alipona, lakini daktari alinisema nikakoma: yapo matone ya mbwa ambayo kwa mnyama mdogo ni sumu.

Na wanaochota ivermektini ya ng'ombe nao waache. Ile ya asilimia moja, kila mililita ina miligramu 10. Simbilisi wa gramu 900 hata nusu miligramu hafikishi, yaani ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya mililita. Hapo jicho halipimi.

#3
Wangu alichomwa sindano zote tatu kwa ratiba, banda nikasafisha, na bado manyoya hayaoti. Kisha akaanza kutembea kwa kuvuta miguu ya nyuma, ukimnyanyua analia. Daktari akashika magoti, yamevimba. Swali lake la kwanza halikuhusu utitiri. Aliuliza, "Anakula nini?"

Nikajibu kwa kujiamini: chakula cha punje cha sungura, saladi na matango. Akacheka kwa huruma. Kilikuwa kiseyeye, ugonjwa ule ule wa mabaharia wa zamani, wa kukosa vitamini C. Simbilisi, kama sisi binadamu, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C. Sungura anajitengenezea, ndiyo maana chakula chake hakiongezewi. Matango ni maji matupu, na saladi ile nyeupe haina tofauti kubwa.

Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito, kila siku, na mgonjwa au mwenye mimba zaidi. Mwanzoni nilimpa vitamini kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mdomoni pembeni. Sasa kila asubuhi anapata kipande cha pilipili hoho na majani mabichi ya aina mbili tatu. Wiki ya pili alikuwa anatembea vizuri, na manyoya yakafuata. Daktari alinieleza kwamba utitiri unaweza kukaa kwa mnyama kimya kimya, ukamlipukia siku mwili ukilegea kwa njaa ya vitamini, mimba au hofu. Mimi nilikuwa napigana na mdudu huku nikimfungulia mlango.

#4
Mbona mimi natoa karoti kila siku na wako fresh? Au bado hawajaniumbua?

#3
Mkuu, karoti ni kama peremende kwao. Sukari nyingi, vitamini C kidogo. Kipande mara moja moja si dhambi.

#5
Watu wote mmeongelea mboga, hakuna aliyetaja nyasi kavu! Hicho ndicho chakula chenyewe, hayo mengine ni kitoweo. Nyasi zinatakiwa ziwepo muda wote, usiku na mchana.

Nililijua hilo kwa machozi. Dume langu lilipenda punje, nami nikampenda, nikawa namjazia bakuli. Nyasi akawa anazilalia tu. Siku moja kidevu kimelowa mate, anasogelea chakula, anakitazama, anageuka. Meno ya simbilisi yote 20 hukua maisha yake yote, hata magego, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi masaa mengi. Magego yake yalikuwa yamerefuka hadi yanambana ulimi. Ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi, yasagwe, kisha nikamlisha uji wa nyasi kwa bomba siku nane, kila baada ya saa chache. Simbilisi akikaa siku nzima hajala, tumbo lake linasimama, usingoje kesho.

Mengine niliyoyalipia: alfalfa (lusani, yale majani ya kulishia mifugo) ni ya watoto na wenye mimba, mkubwa akiizoea kalsiamu inamletea mawe ya kibofu. Vitamini C ya kumwaga kwenye maji ya kunywa haidumu, na wengine wanasusa maji kwa ladha yake. Punje zenye vitamini nazo huchuja zikikaa, tazama tarehe ya kutengenezwa. Parachichi, vitunguu na majani ya viazi mviringo hapana kabisa.

#6
Nikazie hapo kwenye kiseyeye. Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakitafuta ugonjwa mwingine kabisa. Simbilisi wakaugua kiseyeye. Ndipo sayansi ilipopata mnyama wa kuuchunguzia ugonjwa huo. Kwa hiyo anayewapa nafaka tupu nyumbani anarudia jaribio ambalo majibu yake yapo tangu zamani.

#7
Si kila kipara ni utitiri jamani. Wa kwangu alianza kunyonyoka puani na kuzunguka macho, hajikuni sana, nikawahi kulaumu upele. Kidogo mwanangu akatoka duara jekundu mkononi. Fangasi! Dawa tofauti kabisa. Na jike la dada yangu, mzee, lilipata vipara mbavu zote mbili bila muwasho wowote, ikaonekana ni uvimbe wa maji kwenye ovari. Mkwanguo kwanza, sindano baadaye.

#1
#7 umenikumbusha, mimi mwenyewe nilitoka vipele vya kuwasha mikononi kwa kuwabeba. Viliisha vyenyewe wao walipopona, kwa sababu utitiri ule hauwezi kuishi kwetu.

Mrejesho: safari ya pili sikuruka. Sindano tatu wote wawili. Kila siku ya sindano vitambaa vilifuliwa kwa maji ya moto, banda likasuguliwa, na kijumba cha mbao walichokuwa wakilalia nikakitupa maana mbao zina nyufa. Jumapili nawapima kwenye mizani ya jikoni. Yule mgonjwa alishuka hadi gramu 690, jana kasoma 870. Nimemgusa mgongoni, hakuanguka. Alinipiga teke, akarudi kwenye nyasi zake.

#4
Nimepima wangu leo kwa mara ya kwanza. Nitarudi na swali kuhusu kidevu cha mmoja wao.