Naomba ushauri: mchezaji mmoja anakimbiza wenzake mezani

Wakuu, kundi letu la Dungeons & Dragons, toleo la tano (mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake katika hadithi, na dadu huamua matokeo), lina wachezaji watano na msimulizi anayeongoza hadithi, na watu wameanza kujitoa. Mchezaji mmoja, ambaye mhusika wake ni mwizi, anawaibia wenzake dhahabu. Akiulizwa: "Ndivyo mhusika wangu alivyo."

Kwenye mapigano ndiyo balaa. Raundi moja ndani ya hadithi ni sekunde sita, lakini yeye husubiri zamu imfikie ndipo apekue kitabu cha kanuni dakika kumi. Wengine wanashika simu, hawajui tena adui kasimama wapi, na zamu zao nazo zinachelewa.

Kwa ucheleweshaji najua dawa: dadu ya pande 20, inayoamua kama pigo limempata adui, irushwe pamoja na ile ya madhara, inayoonyesha ameumia kiasi gani, anayefuata atajwe mapema, na ubishi wa kanuni msimulizi aukate papo hapo, kitabu kifunguliwe baadaye. Wizi ni mgumu zaidi, maana hapo tatizo ni mtu, si mhusika.

Je, msimulizi amwite pembeni kwanza, au tukae wote tupange makubaliano upya? Na akigoma, anaondolewaje bila urafiki kuvunjika?