Mrejesho: uboho wa kuoka kwenye oveni

Habari zenu wakuu. Ni mimi niliyeuliza namna ya kuoka mifupa ya ng'ombe bila uboho wote kuyeyuka na kuwa mafuta kwenye trei. Asanteni sana, mmenisaidia mno.

Niliiloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi ndani ya friji, nikibadilisha maji kila yalipokuwa mekundu. Damu ilipungua sana, ingawa madoa machache yalibaki karibu na mfupa. Oveni niliweka nyuzi 220. Mifupa iliyopasuliwa kwa urefu iliiva vizuri kwa dakika 15 hivi: uboho ulianza kuachana na mfupa pembeni, na kijiti kikazama hadi katikati bila kukwama. Hapo ndipo pa kutoa. Vipande vya mviringo, vile mlivyosema visimamishwe, havikunitoka vizuri. Katikati bado pagumu, chini mafuta yameshavuja.

Aliyenishauri limau na chumvi ya mawe, ubarikiwe. Bila ule uchachu, mafuta yanakinaisha haraka. Na kuleni ungali moto na mkate uliobanikwa, maana ukipoa unaganda na kunata mdomoni.