Mjadala: Hip hop ya kwenye gemu inatuonyesha sisi, au inatuvalisha tu?

Mtu wa Kayole: Jana kibandani, pale tunapolipia PlayStation kwa dakika, nikingoja zamu nilianza kutazama majalada yaliyobandikwa ukutani. Ukitoa mpira na basketi, mtu mweusi aliyekaa mbele ana cheni au bunduki, mara nyingi vyote viwili. Kwenye skrini dogo wa gredi ya 6 anamwendesha CJ, yule mtu mweusi wa genge kwenye Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya 2004 inayomzidi umri. Walioitengeneza ni Rockstar North wa Edinburgh, Uskoti. Nasema hivi: hip hop ilipofika kwa hao jamaa ikawa nguo ya kumvika mtu wa genge. Haya, nipingeni.

Buru Phase 5: Napinga. DJ Pooh, prodyuza wa rap wa Los Angeles, alikuwa kati ya waandishi, si Waskoti peke yao. Halafu hadithi umeisahau. CJ anarudi kumzika mama. Kabla hajafika mtaani, askari Tenpenny anamsimamisha, anamnyang'anya pesa na kumtishia kesi ya mauaji ya kubambikiwa. Mwishoni Tenpenny anaachiliwa na korti, mji unawaka, kama Los Angeles ilivyowaka 1992 baada ya kesi ya polisi waliompiga Rodney King. Hayo ndiyo rap ya kule ilikuwa inalia nayo. Aliyekulia Dandora na nyimbo za Kalamashaka, kundi la rap la hukohuko, haelezwi mara mbili.

Zombi wa Umoja: Ninyi mnagombania CJ? Chukua Resident Evil 5, gemu ya kutisha ya Capcom ya Japani, 2009. Kijuju, mji wa kubuni, eti uko Afrika Magharibi. Basi wakazi walioambukizwa vimelea, wale unaowapiga risasi, wanapiga kelele kwa Kiswahili! Afrika Magharibi, jamani! Na wanaitwa Majini. Nilicheza nimeshusha sauti kwa sababu mama alikuwa jikoni, ningemweleza nini? CJ angalau ana jina, ana ndugu, ana kaburi la kwenda kulia. Hawa wanaongea lugha yangu na kazi yao ni kupigwa risasi.

Buru Phase 5: Zombi, hapo umeniweza.

Mlango Kubwa: Tutengeneze zetu basi. Nairobi X, gemu ya Kenya ya 2015, ni bunduki mwanzo mwisho, viumbe wa anga za mbali wamevamia jiji, na sikusikia mtu akilalamika. Kwangu mimi shida si bunduki, ni umewekwa upande gani wa mtutu.

Mtu wa Kayole: Kwa Tenpenny nimekubali, hiyo sehemu niliiruka. Lakini dogo naye anairuka. Nilimwuliza dogo, "Mama yake CJ alikufaje?", akanitazama kama nimemwuliza hesabu. Kwenye mapaja ana daftari la Sayansi, kurasa za nyuma zimejaa chiti za silaha, yaani vitufe vya kubonyeza upewe bunduki: R1, R2, L1, mshale, mshale, kwa mwandiko safi kabisa. Na niseme ukweli, zamu yangu ilipofika nililiazima hilo daftari.