Nifafanueje uchawi bila kuingiza sala, dawa na mazingaombwe?

Swali

Nimeandika katika pendekezo la utafiti kwamba uchawi ni "matumizi ya nguvu zisizo za kawaida ili kupata matokeo fulani". Msimamizi ameurudisha ufafanuzi huo, anasema hata sala inaingia humo. Nirekebishe wapi?

Jibu la 1

Kinachokuangusha ni hayo maneno "zisizo za kawaida". Mvaa hirizi anaweza kuiona ya kawaida kabisa, kwa hiyo hapo unapima imani yake kwa kipimo chako.

Anza na tendo. Mwanaanthropolojia Frazer, mwaka 1890, alitaja kanuni mbili: mfanano (sanamu ya nta ikichomwa, mwenye sura hiyo aumie) na mguso (nywele au kucha zilizokatwa bado zimeungana na mwenyewe). Kwa kuchambua tambiko bado zinafaa sana. Chukua kila kifaa, uliza kinafanana na nini na kimegusa nini. Sanamu iliyotiwa nywele za mlengwa ina vyote viwili.

Ila usizigeuze kuwa ufafanuzi. Masalia ya watakatifu (mifupa au nguo zao) nayo huheshimiwa kwa sababu ya mguso, na hiyo ni dini. Tena Frazer aliuona uchawi kuwa sayansi iliyokosea, na hapo mwanaanthropolojia Malinowski anampinga vizuri: wavuvi wa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, hawakuhitaji tambiko kwenye maji tulivu ya ndani, bali kwenye bahari wazi, penye hatari na bahati nasibu. Ujuzi wa kuvua walikuwa nao kotekote.

Jibu la 2

Naongeza upande wa jamii. Mwanasosholojia Durkheim (1912) alitenganisha hivi: dini hujenga jumuiya ya waumini, mchawi ana wateja tu. Wanasosholojia Hubert na Mauss walikuwa wameshasema kwamba tambiko la kichawi liko nje ya ibada rasmi, la faragha, mara nyingi la siri. Ni kigezo kizuri, lakini hukohuko Trobriand kinakwama: uchawi wa mashamba ulifanywa hadharani kwa ajili ya kijiji kizima.

Halafu amua kama unazungumzia tendo au hali ya mtu. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard (1937) alionyesha kuwa Wazande, watu wa Afrika ya Kati, walitofautisha *mangu*, kitu cha kurithi kilichomo tumboni kinachodhuru bila tambiko lolote, na *ngua*, yaani dawa zenye masharti na maneno yake. Ufafanuzi unaoanza na "matumizi ya…" unaiacha *mangu* nje kabisa.

Jibu la 3

Mkuu, jaribu huu: "Tendo au uwezo ambao jamii husika inaamini huleta athari kwa njia iliyofichika, nje ya ibada inayotambuliwa na jamii hiyo."

Sasa upitishe kwenye sala ya pamoja, mitishamba ya homa, mazingaombwe ya jukwaani, hirizi na *mangu*. Mazingaombwe yanatoka kwa sababu watazamaji wanajua ni ujanja wa mikono. Mitishamba ndiyo itakusumbua: ikinywewa tu inatoka, ikinuizwa kwanza inaingia. Usilazimishe kuweka mpaka hapo, andika wazi kwamba ni eneo la mpakani.

Kwenye dodoso weka safu mbili, moja ya jina analotumia mtendaji, nyingine ya jina analotumia anayemshuku. Tendo lilelile mmoja huliita uganga, mwingine uchawi, na ukiziunganisha safu hizo utakuwa umehesabu tuhuma kama matendo.