Ramani ya Tanga kwa GIMP: makutano ya barabara yanakatizwa na mistari

Chumbageni_Grafiki
Habari wakuu. Nachora ramani ya jiji la Tanga kwa GIMP (programu ya kuchora na kuhariri picha), ya kuchapwa kwenye karatasi ya A3. Barabara ni nyeupe zenye kingo za kijivu. Kila zinapokutana, kingo za moja zinakatiza nyingine kama ukuta. Mtaa wa Ngamiani ndiko balaa, makutano hayahesabiki, na kufuta kwa raba hakuishi. Halafu picha ya skrini ninayofuatisha ina ukungu.

FundiRamani
Acha raba, mkuu. Kosa ni kupaka kingo na rangi ya barabara moja, kisha kuhamia nyingine. Chora barabara zote kwanza kwa zana ya njia (Paths), yaani mistari ya mwongozo tu, bila rangi. Fungua leya mbili, yaani tabaka za picha zinazolaliana. Ya chini, paka njia zote kijivu, unene pikseli 30. Ya juu, paka njia zilezile nyeupe, pikseli 24. Makutano yanafunguka yenyewe, na ukingo wa pikseli 3 unabaki kila upande. Vichochoro viwe 16 na 12, lakini ndani ya leya hizohizo mbili. Ukivitengea leya zake juu, kijivu chake kitakatiza barabara kubwa na umerudi palepale.

Kwa Ngamiani, zile barabara zinazoitwa kwa namba zimenyooka: chora njia moja mlalo, inakili, sogeza, kisha zungusha zote pamoja zikae sawa na picha ya chini. Zungusha njia kabla ya kupaka. Leya iliyokwisha kupakwa ukiizungusha, kingo hupoteza makali.

Mwambao_Tanga
Ukungu ni wa hesabu tu. A3 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 4961 kwa 3508. Picha ya skrini yenye upana wa pikseli 1920 umeivuta zaidi ya mara mbili na nusu. Nenda OpenStreetMap, tovuti ya ramani huria, sehemu ya kushiriki, pakua PDF au SVG, na GIMP ikikuuliza dpi andika 300. Lazima uitaje OpenStreetMap kwenye ramani yako.

Kwa kipimo cha 1:10,000, A3 inabeba kilomita 4.2 kwa 2.97. Barabara ya pikseli 30 itasomeka kama mita 25, pana kuliko ilivyo. Iache hivyo, jina lipate pa kukaa: herufi za pointi 6 zinaingia ndani ya nyeupe. Ngamiani andika namba tu kwenye ncha mbili za barabara.

Chumbageni_Grafiki
Makutano yamefunguka yote, asanteni sana. Sasa ufukweni kuna kamstari keupe kati ya bahari na nchi kavu.

FundiRamani
Umejaza bahari kwa ndoo, ile zana ya kumwaga rangi. Inaruka pikseli za ukingoni zilizo nusu rangi. Futa hiyo bluu. Weka leya ya bluu tupu chini kabisa, nchi kavu juu yake kwa njia iliyofungwa, na kisiwa cha Toten vivyo hivyo. Duka la kuchapa lipelekee faili la PNG. JPEG huchafua kingo za herufi.