Binti ana meno ya kahawia na gego lililotoboka: je, nilikosea kuacha dawa ya meno?

Mama wa Usa River

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Usa River, chini ya Mlima Meru, na nina watoto wawili: binti wa miaka 7 na mdogo wake wa miaka 2. Meno mapya ya mbele ya binti yameota yakiwa na michirizi ya kahawia, kama ilivyo kwa watoto wengi wa huku, na jirani alinieleza kuwa chanzo ni floraidi iliyomo katika dawa ya meno. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka jana anapiga mswaki kwa mkaa uliosagwa pamoja na chumvi. Wiki iliyopita nilimulika kinywa chake kwa tochi ya simu, nikaona gego la chini, la mwisho kabisa, lina tundu jeusi ambalo ncha ya njiti ya kiberiti inaweza kuingia. Ufizi wa upande huo nao unatoka damu, kwa hiyo nimemwambia aupumzishe kwanza. Bibi yake anasema tusihangaike, kwani hilo ni jino la utoto na litang'oka lenyewe. Naomba ushauri wenu.

Tabibu wa meno, Moshi

Pole mama. Nianze na gego, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Chukua tena ile tochi, mwambie afungue kinywa, kisha uhesabu meno kuanzia katikati ya taya kurudi nyuma. Meno ya utoto ni 20, yaani matano kwa kila upande wa kila taya. Kwa hiyo ukifika la sita, hilo si la utoto tena. Gego hilo huota mtoto anapokaribia miaka 6, nyuma ya yale ya zamani, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha, na ndiyo maana bibi wengi, pamoja na wazazi wenye elimu yao, hulidhani la utoto. Likitoka halirudi. Tundu la ukubwa unaoueleza mara nyingi bado huzibika, lakini likiachwa mpaka lifike kwenye mshipa, mtoto atalia usiku na mazungumzo yatakuwa ya kung'oa. Hata ukihesabu ukakuta ni la tano, mpeleke vilevile, kwa kuwa magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12 na ndiyo yanayolinda nafasi ya meno yajayo.

Kuhusu rangi ya kahawia, jirani yako amelitaja jina sahihi lakini amekosea mlango. Ganda la meno ya mbele ya ukubwani hutengenezwa ndani ya taya tangu mtoto akiwa na miezi michache hadi miaka minne au mitano hivi. Michirizi unayoiona leo ilianza wakati huo, na kwa huko kwenu chanzo kikubwa ni maji: miamba ya volkano ya Meru huyapa maji floraidi, na baadhi ya visima na chemchemi hupita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakishauri. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive haraka huongeza nayo. Kuchemsha hakusaidii kitu, kwani maji hupungua sufuriani na floraidi hubaki. Kwa hiyo kumnyima binti dawa ya meno akiwa na miaka 7 hakukufuta michirizi. Kumemwondolea tu kinga ya gego jipya katika kipindi ambacho ganda lake bado ni changa na hutoboka kwa urahisi. Mkaa nao husugua ganda likalika.

Mrudishie dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na usiku kabla ya kulala, ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Anayehitaji uangalifu kuhusu floraidi ni huyo wa miaka 2, kwa sababu meno yake ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi. Uji wake na maji yake ya kunywa yatoke kwenye mvua mliyokinga au kwenye chanzo kilichopimwa, magadi yasiingie kwenye chakula chake, na dawa ya meno isizidi punje ya mchele, ukiishika wewe mwenyewe ili asiilambe.

Ufizi unaotoka damu usiupumzishe. Damu hiyo ni dalili kwamba ukoga umelala pale jino linapokutana na ufizi, na kadiri unavyoachwa ndivyo unavyogeuka ugaga mgumu ambao mswaki hauutoi tena. Tumia mswaki laini, uinamishe kuelekea ufizini, usugue kwa mizunguko midogo. Kwa kawaida damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, mweleze tabibu atakayemwona.

Baba wa Watatu

Dada, mimi niliyapata haya kwa mtoto wangu wa kwanza, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa nikimuuliza "umepiga mswaki?" naye akinijibu "ndiyo", tukaishia hapo. Siku niliyosimama naye kiooni niliona anasugua meno ya mbele yanayoonekana anapocheka, magego hayagusi. Sasa usiku nasimama nyuma yake, kichwa chake kikiegemea tumbo langu, namalizia magego mimi mwenyewe kwa dakika mbili. Jambo jingine ni ubuyu wa sukari. Tatizo halikuwa wingi, bali ule mtindo wa kumung'unya punje moja moja kuanzia shuleni hadi nyumbani, kinywa kisipate nafasi ya kujisafisha kwa mate. Tulimruhusu aule wote kwa mkupuo, baada ya chakula cha mchana.

Mzee wa Pangani

Salamu. Sisi tumekua na mswaki wa mti na meno tunayo. Je, binti hawezi kutumia huo, akaepukana na hizi dawa za dukani?

Tabibu wa meno, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Mswaki wa mti ni mzuri ukiwa mbichi, ncha ikatafunwa hadi iwe nyuzi laini na kukatwa kila siku. Udhaifu wake ni kwamba mtoto hafikii kwa urahisi upande wa ndani wa magego, na ndiko binti huyu alikoumia. Anaweza kuutumia mchana. Usiku abaki na brashi na dawa.

Mama wa Usa River

Asanteni sana. Nimehesabu mara tatu, na bibi yake naye amehesabu: ni la sita. Tumeandikiwa kwenda kliniki Alhamisi. Mkaa nimeumwaga.

Tabibu wa meno, Moshi

Vyema. Siku hiyo mwombe tabibu ayaangalie pia magego mengine matatu ya sita. Kama bado ni mazima, mifereji ya juu yake inaweza kufunikwa kwa utando maalumu, bila sindano wala kuchimba.